Mungu Akiita, Tuanze Lini?

Somo la vikundi. Soma Hagai 1:1-15. Mkiwa na nafasi, someni pia Mathayo 21:28-31.

Msidhani tunawanyoshea kidole. Somo hili tumeliandika sisi wa Kasikeu baada ya kuona haya sisi wenyewe, na tutaanza na hiyo haya.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, tulikuwa tumemaliza kuvuna kile kidogo tulichopata kwa mvua ya Machi. Mama mmoja mjane akaja kwenye mkutano wa kikundi chetu. Tutamwita Mwaitu tu, maana kwa umri ni mama wa wengi wetu. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali. Marehemu mumewe alikuwa amechimba matuta ya fanya juu miaka mingi iliyopita, lakini matuta hayo yalikuwa yamebomoka mahali pawili, na maji yalikuwa yameanza kukata mtaro katikati ya shamba. Mama huyu hakuomba pesa. Aliomba mwethya wa siku mbili, na akasema muthokoi atapika yeye mwenyewe.

Tulikubali wote. Hakuna aliyepinga hata kwa kukohoa. Karani akaandika kwenye kitabu, mwenyekiti akafunga kwa maombi, tukaenda nyumbani tukijisikia Wakristo wazuri.

Wiki iliyofuata kulikuwa na mazishi. Ya pili kulikuwa na harambee ya paa la kanisa. Ya tatu watu walikuja wachache, mwenyekiti akasema afadhali tungoje tuwe wengi, kwani tuende nusu nusu kwa nini? Kufika mwezi wa kumi udongo ulikuwa umekauka kama tofali, na mmoja wetu akatoa shauri kwamba tungoje mvua ya kwanza kidogo ilainishe ardhi ndipo tuchimbe. Lilikuwa neno la busara, au tuseme lilisikika hivyo. Tukatikisa vichwa.

Mvua ilikuja usiku, mapema Novemba, na haikuja kidogo. Asubuhi tulienda kwa Mwaitu na majembe, na siku hiyo hatukukosa watu, tulikuwa zaidi ya thelathini. Ule mtaro ulikuwa sasa ni korongo ambalo mtu mzima anaweza kusimama ndani asionekane kichwa. Mahindi na mbaazi alizokuwa amepanda kwenye vumbi zilikuwa zimeenda mtoni pamoja na udongo wenyewe. Mwaitu alitukaribisha vizuri. Hakutukasirikia. Alisema tu, "Wanangu, si mlisema mtakuja?"

Kila mara tunapofungua kitabu cha nabii Hagai tunasikia hilo swali.

Watu wenye sababu nzuri

Hagai ni kitabu kidogo, sura mbili tu, na wengi hukikosa wakifungua Biblia haraka. Kiko kati ya Sefania na Zekaria. Mwaka ni wa pili wa mfalme Dario, yaani mwaka wa 520 kabla ya Kristo. Wayahudi walikuwa wamerudi kutoka uhamishoni Babeli karibu miaka kumi na minane kabla ya hapo, na kazi ya kwanza waliyopewa ilikuwa kuijenga upya nyumba ya Mungu. Walianza vizuri. Waliweka msingi, wazee wakalia kwa sauti, vijana wakapiga vigelegele (Ezra 3). Halafu kazi ikasimama. Miaka ikapita, majani yakaota juu ya msingi.

Mungu anapomtuma Hagai, angalieni watu hawa walikuwa wanasema nini. Hawakusema kwamba hawataki kujenga, wala kwamba Mungu hayuko. Walisema wakati wa kujenga haujafika. Basi ndiyo hivyo tu.

Tusiwahukumu haraka, maana sababu yao ya kwanza ilikuwa ya kweli kabisa. Ukisoma Ezra sura ya 4 utaona majirani waliwapinga, wakawatisha, wakawaandikia barua za mashtaka kwa mfalme, mpaka kazi ikakatazwa kwa nguvu. Hapo ungefanya nini? Lakini wafalme walibadilika, na wale watu walikuwa wameshazoea kusimama. Sababu iliondoka, ile tabia ikabaki. Na katika muda huo huo nguvu ya kujenga nyumba zao wenyewe hawakuikosa, maana nabii anawauliza juu ya zile nyumba nzuri za mbao wanazokaa huku nyumba ya Mungu ikiwa magofu.

Hapa ndipo tulipojiona. Mazishi ya wiki ya kwanza yalikuwa ya kweli. Ungeacha jirani azikwe bila watu? Harambee pia ilikuwa ya kweli. Lakini hata wiki ambazo hazikuwa na mazishi wala harambee, hatukuenda. Tulikuwa tumeshaonja kungoja, na kungoja ni kutamu. Na kati ya Agosti na Novemba, kusema kweli, tuliweza kwenda Sultan Hamud kuuza na kununua, tuliweza kukarabati boma zetu, na wengine wetu waliweza kukaa sokoni kutwa nzima wakizungumza siasa.

Neno moja la tahadhari. Hagai anawaambia watu wake kwamba ukame uliowapata ulihusiana na uzembe wao. Wako wahubiri wanaochukua mistari hiyo na kutuambia ati mvua ikikosa Ukambani ni kwa sababu ya dhambi zetu. Sisi hatukubali kuisoma hivyo. Hagai alitumwa kwa watu wale, wakati ule. Ukame hapa kwetu umewapata wenye bidii na wavivu, wanaosali na wasiosali, na Bwana Yesu mwenyewe alisema mvua ya Mungu huwanyeshea wema na wabaya (Mathayo 5:45). Tunachojifunza kwa Hagai ni kingine, nacho kiko mwisho wa sura.

Siku ishirini na tatu

Chukueni kalamu. Mstari wa kwanza unasema neno lilikuja siku ya kwanza ya mwezi wa sita. Mstari wa kumi na tano unasema walianza kazi siku ya ishirini na nne ya mwezi huo huo. Hesabuni. Ni siku ishirini na tatu kutoka kusikia hadi kushika kazi, baada ya miaka kumi na sita hivi ya kusema wakati haujafika.

Wengine watauliza, mbona basi hawakuanza siku ile ile? Kwa sababu jambo la kwanza waliloambiwa ni kupanda mlimani kuleta miti. Miti lazima ikatwe, iburutwe, ipimwe. Watu lazima wagawiwe kazi. Zerubabeli mtawala na Yoshua kuhani mkuu wanatajwa kwa majina, pamoja na watu wote waliobaki. Kwa hivyo zile siku ishirini na tatu zilikuwa za matayarisho. Hazikuwa za kuahirisha. Tofauti ya hayo mawili ni rahisi kuiona. Ukitayarisha, kila siku kuna kitu kimesogea. Ukiahirisha, kinachosogea ni tarehe peke yake. Jengo lilimalizika mwaka wa sita wa Dario (Ezra 6:15), yaani miaka minne na nusu hivi.

Jadilianeni kidogo hapo kabla ya kuendelea. Je, kikundi chenu kina jambo ambalo sababu yake ya kusimama ilishaondoka, lakini bado limesimama?

Sauti ya Mungu inasikika wapi

Wengi wetu tunangoja wito wa Mungu kama wa Samweli, wa usiku, wa kuitwa kwa jina. Uko, hatukatai. Lakini Mkristo wa kawaida, mwenye watoto wanne na ng'ombe wawili, siku nyingi huitwa na mtu aliyesimama mlangoni. Mwaitu alipokuja kwenye mkutano wetu, kikundi kiliomba kabla na baada, na hatukutambua kwamba jibu la maombi ya kufungua mkutano lilikuwa limeketi pale kwenye benchi na leso yake kichwani.

Tena wito mwingine ni mdogo hata huwezi kuuandika kwenye kitabu. Umekosana na ndugu yako kwa ajili ya mpaka au mbuzi. Yesu anasema hata kama umeshafika madhabahuni na sadaka mkononi, iache hapo hapo, uende mkapatane kwanza (Mathayo 5:23-24). Angalieni, Yesu yuko tayari ibada ingoje ili upatanisho usingoje! Au mtoto wa jirani ana homa kali usiku wa Jumamosi, na mama yake hana nauli. Mtoto mdogo mwenye malaria anaweza kuzidiwa na kufa katika siku moja au mbili. Kikundi kikisema kitazungumzia jambo hilo kwenye mkutano wa Jumatano, kimeshajibu.

Na ule mfano wa wana wawili katika Mathayo 21 mnaujua. Mmoja alikataa kwenda shambani, kisha akajuta akaenda. Wa pili aliitikia kwa heshima sana, na hakwenda. Zamani tulikuwa tunadhani huyu wa pili alikuwa mwongo. Siku hizi tunaonelea kwamba pengine alikuwa anamaanisha kabisa alipoitikia. Alisema ndiyo, ile ndiyo ikamtuliza roho, na roho ikishatulia miguu haioni haja ya kuondoka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwetu. Tungemkatalia Mwaitu siku ile, angetafuta watu wengine. Ndiyo yetu ndiyo iliyomfanya akae akingoja.

Majira hayangoji

Mkulima wa Ukambani hahitaji kufundishwa habari ya wakati. Mvua yetu ya kutegemea ni ya Oktoba hadi Desemba, na ile ya Machi hadi Mei mara nyingi hutuangusha. Aliyelima mapema na kupanda kwenye vumbi, mbegu yake inainywa mvua ya kwanza. Anayeanza kutafuta plau ya kukodi mvua ikishanyesha, hukuta kila plau iko kwa mtu mwingine, na wiki mbili alizopoteza hazirudishwi na mbolea yoyote. Wazee wanaikumbuka njaa ya miaka ya mwanzo ya 1980 kwa jina la Nikw'a Ngwete, maana yake, ninakufa na huku nimeshika. Watu walikuwa na pesa mkononi, lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Hilo jina lina mafundisho kuliko mahubiri mengi. Kuwa na uwezo ni jambo moja, na kuwa nao wakati bado unafaa ni jambo lingine.

Lakini hatutaki kuwaachia habari za kushindwa peke yake. Kule Kola, katika wilaya ya zamani ya Machakos, mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na familia chache za jirani walianzisha kikundi cha Utooni. Hawakungoja mfadhili wala mradi wa serikali. Walianza na walichonacho, yaani mikono, mawe na desturi ya mwethya ambayo mababu zetu walituachia. Walichimba matuta, wakatafuta njia za kuhifadhi maji, na baadaye kazi yao ya mabwawa ya mchanga ikajulikana hata ng'ambo. Mukusya alifariki mwaka wa 2011, lakini mabwawa yako. Na siyo Kola tu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1994 juu ya Machakos, pamoja na Makueni ambayo wakati mwingi wa utafiti huo ilikuwa bado sehemu yake, ulionyesha kwamba kati ya 1930 na 1990 watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na mmomonyoko wa udongo ukapungua badala ya kuongezeka. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na wakulima wenyewe, na wengi wao walikuwa akina mama wa mwethya.

Bwawa la mchanga linatufundisha jambo tunalolitaka katika somo hili, kwa hivyo tukae nalo kidogo. Ni ukuta unaojengwa kukata mto wa msimu, ule unaojaa maji siku chache na kubaki mchanga mtupu miezi mingi. Mvua ikija, mafuriko hubeba mchanga na kuuacha nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga huo ambapo jua haliyakaushi upesi wala mbu hawazai. Sasa, ukuta huu lazima ujengwe wakati wa kiangazi, maana mto ukishuka hakuna mtu wa kuchimba msingi ndani yake. Anayengoja kuona maji ndipo ajenge, ameshachelewa mwaka mzima. Lakini pia lazima ukae juu ya mwamba. Mkikurupuka na kujenga mahali ambapo mwamba haukupatikana, maji yatapita chini au pembeni na saruji yenu imeisha. Kwa hivyo itaneni mapema, tafuteni mwamba, kubalianeni na wenye mashamba pande zote mbili za mto, mwiteni fundi anayejua, pateni kibali cha ofisi ya maji. Hizo ndizo siku zenu ishirini na tatu. Kuitikia upesi siyo kurukia.

Tunasema hivyo kwa sababu wako ndugu ambao kila wazo linalowapata asubuhi wanaliita wito, na kufika jioni wameshatuchangisha. Jambo likimhusu jirani mwenye shida iliyo mbele ya macho, hapo hakuna haja ya kufunga siku tatu kuuliza. Likihusu pesa za watu, pimeni kwanza.

Nzaui

Tukiwa tunazungumza habari za kuitika, si vizuri tuipite Nzaui, maana iko humu humu Makueni. Desemba 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wachache wa Africa Inland Mission walifika huko wakaanzisha kituo chao cha kwanza. Scott alikuwa ameshafanya kazi Kongo, akamzika ndugu yake huko, na yeye mwenyewe akarudishwa kwao akiwa mgonjwa. Angeweza kusema ameshatoa sehemu yake. Alikusanya watu, akaondoka Marekani mwezi wa nane, na kabla mwaka haujaisha alikuwa Ukambani. Desemba 1896 homa ilimwua, akiwa na miaka 29.

Hatusimulii haya ati mpate kudhani kwamba anayeitika upesi hulipwa upesi. Scott hakuona kanisa lililotokana na kazi ile. Tena tuseme kweli, Mungu alikuwa ameshawaita watu wa nchi hii kusaidiana kabla meli yoyote haijafika Mombasa. Mwethya ni mzee kuliko misheni. Tunachokitazama kwa Scott ni kile kipindi kifupi kati ya kusikia na kufunga mizigo.

Tulilobadilisha

Baada ya ile mvua, kikundi chetu kilikaa kimya mikutano miwili, watu hawatazamani vizuri. Halafu mama mmoja, ambaye hata si wa kamati, akasimama akasema yeye kesho asubuhi anaenda kwa Mwaitu na karai yake, na anayetaka amfuate. Walimfuata wanne. Watu watano hawawezi kuziba korongo kama lile, si ndiyo? Lakini waliweka mawe mahali pa juu kabisa ambapo maji huingilia, na yale maji ya Desemba yakapunguzwa nguvu. Januari tulikuwa ishirini. Ilituchukua siku kumi na moja kufanya kazi ambayo mwezi wa nane ingekuwa ya siku mbili. Udongo uliokwenda haukurudi, na hata sasa upande ule wa shamba la Mwaitu mahindi ni mafupi.

Siku hizi hatuandiki kwenye kitabu kwamba kikundi kimekubali. Tunaandika jina la atakayeanza, na siku atakayoanza, na siku hiyo isipite wiki tatu na siku mbili. Hata akiwa peke yake, aanze. Wakija wengine, ni vizuri. Na ikiwa hakuna anayeweza kutaja siku, tunamwambia aliyeomba pale pale kwamba hatutaweza, ili atafute msaada kwingine. Mara ya kwanza kumwambia mtu hivyo ilituuma sana, na wengine walisema si Ukristo. Mwaitu alikuwa kwenye mkutano huo. Alisema ni afadhali.

Kazi ya kikundi baada ya somo: Mwombeni karani alete kitabu cha mikutano cha mwaka huu. Asome kwa sauti kila jambo ambalo mlilikubali na halijafanywa, pamoja na jina la mtu aliyeliomba. Chagueni moja. Aliyeliomba akiwa yupo hapo, mwulizeni kama bado anahitaji, na kama hayupo, watu wawili waende kumwuliza kabla giza halijaingia.